Kabla ya Kubandika Bango: Kuupeleka Utafiti Sokoni Ukiwa Chuo cha Watu Weusi Marekani

Kama una matokeo mapya maabarani na umeshakata tiketi ya kwenda kuyaonyesha kwenye mkutano wa kisayansi, soma hapa kwanza. Ninafanya kazi katika ofisi ya uhawilishaji wa teknolojia, yaani ofisi inayoutafutia soko uvumbuzi wa maabara, ya chuo kimoja kusini mwa Marekani, kimojawapo cha vile vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu Weusi enzi ambazo vyuo vingine vilikuwa vimewafungia milango. Ofisi yetu ni mimi, msaidizi wa nusu siku, na wakili wa nje wa hataza (ile haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako) ambaye kila simu anayopokea ina bili yake. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu watu wetu kutoka Afrika Mashariki wamo kwenye maabara za vyuo hivi, na wengi hufika ofisi kama yangu wakati wakili hana tena la kufanya.

Sheria ya elimu ya juu ya 1965 inavitambua vyuo hivi kuwa ni vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa lengo kuu la kuwasomesha Wamarekani Weusi. Vipo takriban 100. Mwaka 2025 ni Howard pekee, pale Washington, iliyoingizwa kwenye daraja la juu la vyuo vya utafiti, lile linaloitwa R1. Usidhani vingine vimekosa vichwa. Septemba 2023 mawaziri wa elimu na kilimo wa Marekani waliwaandikia magavana wa majimbo 16 kwamba vyuo vya watu Weusi vilivyotokana na sheria ya 1890 ya vyuo vya ruzuku ya ardhi vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 kati ya 1987 na 2020, ukilinganisha na vyuo wenzao vya majimbo hayohayo. Pesa hizo ndizo zingejenga maabara, zingelipa mawakili, zingempunguzia mhadhiri mzigo wa kufundisha kozi nne kila muhula. Kwa hiyo huku kwetu mpangilio wa hatua ndio mtaji. Chuo tajiri kinaweza kukosea tarehe na kulipia kosa lake. Sisi hatuwezi.

Bango ni chapisho

Watu hudhani kuchapisha ni mpaka jarida litoke. Mahakama haioni hivyo. Oktoba 1998 watafiti walibandika bango la kurasa 14 kwenye mkutano wa wanakemia wa nafaka, kuhusu nyuzinyuzi za soya na kolesteroli. Lilikaa pale siku mbili na nusu. Hakuna nakala iliyogawiwa, wala halikuingizwa kwenye orodha ya maktaba yoyote. Waliwasilisha ombi la hataza miaka miwili baadaye. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikaamua kwamba lile bango lilikuwa chapisho tosha, kwa sababu wataalamu walipita mbele yake na hakuna aliyewakataza kunakili. Ombi likakwamia hapo. Mwaka 1986 mahakama hiyohiyo ilikuwa imeshaamua kwamba tasnifu moja iliyoorodheshwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, ilitosha kuzuia hataza.

Sheria ya Marekani inakupa mwaka mmoja tangu siku uliyoweka jambo wazi wewe mwenyewe. Ulaya na nchi nyingine nyingi hazikupi hata siku moja. Hesabu basi vitu vyote vinavyoweza kuwa vimeshatoka: muhtasari wa mkutano, ambao mara nyingi huwekwa mtandaoni wiki kadhaa kabla ya mkutano wenyewe, tasnifu ya mwanafunzi wako, programu uliyoiweka kwenye hifadhi ya wazi, mahojiano na gazeti la chuo, hata muhtasari wa ruzuku ambao NSF, mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, huutangaza ikishakupa fedha. Tasnifu inaweza kuzuiwa isiwekwe wazi kwa muda, ila ni lazima uombe kabla haijapokelewa na maktaba. Mwambie mwanafunzi wako hilo mwezi anaoanza kuandika. Ukingoja siku ya kutetea, umechelewa.

Fomu yenyewe

Kila chuo kina fomu ya taarifa ya uvumbuzi, na ndiyo karatasi muhimu kuliko zote katika safari hii. Wengi huijaza kama wanaomba ruzuku: maneno makubwa, shida za dunia, manufaa kwa jamii. Mimi natafuta kitu kingine. Chukua mfano wa kubuni. Mtu akiniandikia "tumebuni njia bora na nafuu ya kusafisha maji," sina la kumpelekea wakili. Akiniandikia "mkaa wa mabua ya mahindi uliochomwa kwa nyuzi 450 hadi 600 bila hewa, kisha kuoshwa kwa tindikali hafifu, unaondoa madini ya risasi kwenye maji ndani ya dakika kumi, chini ya nyuzi 400 haufanyi kazi, bila kuoshwa unafanya kazi nusu," hapo nina kitu mkononi. Hizo namba ndizo zinazogeuka kuwa madai ya hataza, zile sentensi zinazotaja kile hasa unachokilinda. Na yale majaribio yaliyoshindwa usiyafiche. Yanaonyesha mpaka wa uvumbuzi wako ulipo, na mara nyingine ndiyo yanayomshawishi mkaguzi kwamba jambo hili halikuwa dhahiri kwa kila mtu wa fani.

Andika pia namba ya kila ruzuku iliyogusa kazi hiyo, hata ile iliyolipia kemikali tu. Sheria ya Bayh-Dole ya 1980 inaruhusu chuo kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali ya shirikisho, lakini kwa masharti: chuo kiliarifu shirika lililotoa fedha ndani ya miezi miwili baada ya wewe kuniletea taarifa, kiamue ndani ya miaka miwili kama kinataka kumiliki, na kigawane mapato na wavumbuzi. Serikali nayo hubaki na leseni yake ya kutumia bila kulipa. Ukiiacha namba ya ruzuku kwa kusahau, mwekezaji ataigundua siku anapokagua karatasi, na hapo imani imeshatoka.

Chuo kikisema hakina pesa za kufuatilia uvumbuzi wako, usikate tamaa na usinyamaze. Omba kwa maandishi urudishiwe haki. Kama kazi ililipiwa na serikali, shirika husika lazima likubali kwanza, na linaweza kukubali. Nimeona wahadhiri wakisubiri miaka jibu la ofisi ambayo ilikuwa imeshaamua kutofanya chochote. Barua moja ingewafungua.

Nani anaitwa mvumbuzi

Hapa ndipo heshima yetu ya nyumbani inapogongana na sheria. Mvumbuzi ni yule aliyelifikiria wazo lenyewe, hata kama ni sehemu yake tu, mradi sehemu hiyo imo kwenye madai. Kuwa mkuu wa maabara hakukufanyi mvumbuzi, kutafuta fedha vilevile, na hata kushika pipeti usiku kucha kwa maelekezo ya mwingine hakutoshi. Makala ya kisayansi inaweza kuwa na waandishi kumi na hataza yake ikawa na wavumbuzi wawili.

Kijana mmoja wa uzamivu aliniambia, "Dada, Profesa ndiye mwenye maabara, mimi siwezi kuandika jina langu juu ya hilo." Yeye ndiye aliyekuwa amefikiria kubadili mpangilio wa hatua mbili, na badiliko hilo ndilo lililofanya kitu kizima kifanye kazi. Nilimweleza kwamba haombi fadhila. Jina lake likikosekana makusudi, hataza inaweza kubatilishwa mahakamani, na hapo Profesa mwenyewe ndiye atakayepoteza. Profesa alipoonyeshwa daftari la maabara, lenye tarehe na saini, hakuwa na ubishi. Weka daftari namna hiyo. Uraia hauhusiki hapa: mwenye viza ya mwanafunzi anaweza kuwa mvumbuzi kama mtu mwingine yeyote.

Kuna karatasi nyingine ambayo watu husaini bila kusoma, ile ya kuhamishia chuo haki za uvumbuzi. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya Stanford dhidi ya Roche. Mtafiti wa Stanford alikuwa ameahidi chuo chake kwamba atahamisha haki baadaye. Kisha akaenda kufanya kazi kwa muda kwenye maabara ya kampuni, akasaini fomu inayohamisha haki papo hapo. Roche, iliyokuwa imenunua haki hizo za kampuni, ikashinda, na mahakama ikasema Bayh-Dole haikipi chuo umiliki moja kwa moja. Ukienda kutembelea maabara ya kampuni, au hata ya chuo kingine, fomu watakayokupa mapokezini ipige picha unitumie kabla hujasaini.

Chuo kikubwa kikiwa mshirika

Hili ndilo linalonikera zaidi, na ndilo linalotokea mara kwa mara. Chuo kikubwa chenye fedha kinatualika kwenye ruzuku. Mwaliko ni wa heri, mara nyingi ni wa kweli, na kazi inakwenda vizuri. Halafu siku moja profesa wetu anafungua kanzidata ya hataza na kukuta njia yake ya kupima sampuli imo ndani ya ombi la mshirika, kwenye aya ya tatu, na jina lake halimo. Nimekaa na mwenzangu aliyeona hivyo kwenye skrini yake. Kulirekebisha kunawezekana kisheria, kwa kuongeza jina la mvumbuzi aliyeachwa, lakini unaingia kwenye mazungumzo ukiwa umeshachelewa na mwenzako ana mawakili sita.

Hata jina lako likiwemo, kuna mtego. Chini ya sheria ya Marekani, wamiliki wawili wa hataza moja kila mmoja anaweza kuitumia na kuitolea leseni bila ruhusa ya mwenzake na bila kumgawia hata senti, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Soma tena sentensi hiyo. Mwenye ofisi kubwa ya kutafuta wateja ndiye atakayeuza, na sisi tutabaki na cheti ukutani.

Dawa ni makubaliano baina ya vyuo, yasainiwe pale ruzuku inapoanza, wakati kila mtu bado anamhitaji mwenzake. Yaseme nani ataongoza maombi ya hataza, nani atalipa gharama na zitarudishwaje, mapato yatagawanywaje, na kwamba hakuna atakayetoa leseni bila kumtaarifu mwingine. Kurasa nne zinatosha. Mimi husisitiza pia sentensi moja: kila chuo kitampelekea mwenzake rasimu ya ombi lolote la hataza siku 30 kabla ya kuliwasilisha. Hakuna mshirika mwema aliyewahi kuikataa. Anayeikataa amekueleza jambo la maana mapema.

Ombi la muda, halafu mazungumzo na wateja

Ukishatoa taarifa, hatua ya kawaida ni ombi la muda la hataza. Halikaguliwi na mtu, linakuwekea tarehe tu, na lina uhai wa miezi 12. Ada ya USPTO, ofisi ya hataza ya Marekani, kwa ombi hilo, kwa viwango vya Januari 2025, ni dola 325. Kwa chuo na taasisi ndogo ni 130. Na kwa anayestahili daraja la chini kabisa ni 65. Mvumbuzi ambaye kipato chake kikubwa kinatoka chuoni mara nyingi anastahili hilo la chini. Bei hii isikudanganye ukapakia bango lako na kulala. Tarehe hulinda kile tu ulichokieleza kwa kina cha kumwezesha mtaalamu mwingine kukifanya. Weka zile namba, michoro, na njia mbadala tatu nne ambazo mshindani angezitumia kukukwepa.

Baada ya miezi 12 inabidi uwasilishe ombi kamili, na hapo bili za wakili zinaingia kwenye maelfu. Ndiyo sababu miezi hiyo 12 si ya kupumzika. Ni ya kujua kama kuna mtu anayekitaka kitu hiki.

Njia ninayoiamini ni ya kuzungumza na watu wengi ambao tatizo linawauma, bila kuwauzia chochote. NSF ina programu inayoitwa I-Corps, iliyoanza 2011: timu ya watu watatu, wiki saba, mahojiano 100, na ruzuku ya dola 50,000 kwa kazi hiyo. Ipo pia mikondo mifupi ya kikanda inayofaa kuanzia. Wahadhiri wetu husema hawana muda, na kwa mzigo wao nawaelewa kabisa. Basi mtume mwanafunzi wa uzamivu aongoze, na mwombe mkuu wa idara akupunguzie kozi moja muhula huo; barua ya NSF husaidia kumshawishi. Usiulize "ungependa bidhaa hii?" Kila mtu atasema ndiyo. Uliza: "Mara ya mwisho tatizo hili lilipotokea mlifanya nini, na liliwagharimu kiasi gani?" Halafu kaa kimya uandike.

Nina mfano ninaoupenda kuwaonyesha watu. Pale North Carolina A&T, chuo cha watu Weusi mjini Greensboro, Jianmei Yu na wenzake walitengeneza njia ya kupunguza vizio vya karanga, yaani protini zinazowadhuru wenye mzio: karanga zilizokaangwa na kumenywa huloweshwa kwenye mchanganyiko wa vimeng'enya vya kiwango cha chakula, na vizio vikuu viwili vinashuka, kimoja hadi kisionekane kwenye vipimo, kingine kwa hadi asilimia 98. Utafiti ulipata fedha za wizara ya kilimo. Mwaka 2014 chuo kiliitolea leseni ya kipekee kampuni ya Xemerge ya Toronto. Angalia wazo lenyewe lilivyo: mbegu haibadilishwi vinasaba, karanga inabaki karanga, na mtengenezaji wa vyakula anaelewa mara moja kuwa anaongezewa hatua moja kwenye kazi anayoifanya tayari. Uvumbuzi wa namna hiyo unauzika kwa maelezo ya dakika mbili. Wako ukihitaji nusu saa, bado hujaongea na wateja wa kutosha.

Na kwa kuwa tumetaja karanga: George Washington Carver, mwanasayansi Mweusi wa kilimo, alifundisha Tuskegee, chuo cha watu Weusi huko Alabama, kuanzia 1896 hadi alipofariki 1943, akatafiti matumizi mengi ya karanga na viazi vitamu, na akachukua hataza tatu tu, kati ya 1925 na 1927, moja ya kipodozi na mbili za rangi za kupakia. Alichagua kuwagawia wakulima maarifa bure, kupitia vijarida. Ni njia halali, na ninaiheshimu. Ukitaka kugawa bure, gawa kwa kuamua.

Leseni au kampuni yako

Ukiuliza maoni yangu, mhadhiri mwenye kozi nne asianzishe kampuni peke yake. Tafuta leseni kwanza. Kama hakuna kampuni inayoitaka lakini wateja wameonyesha kiu, hapo ndipo kampuni ya mwanafunzi wako aliyehitimu, wewe ukiwa mshauri mwenye hisa, inaleta maana. Jaza fomu ya mgongano wa maslahi mapema, na kamwe usimwache mwanafunzi ambaye bado anasoma afanye kazi ya kampuni kwa jina la tasnifu.

Fedha za kuanzia zimekuwa zikitoka SBIR na STTR, ruzuku za serikali kwa biashara ndogo. STTR inatufaa zaidi: inaitaka kampuni ifanye angalau asilimia 40 ya kazi na taasisi ya utafiti angalau asilimia 30, na kiongozi wa utafiti anaweza kubaki mwajiriwa wa chuo. Muda wa kisheria wa programu hizi ulikwisha 30 Septemba 2025 bila Bunge kuuongeza kwa wakati, kwa hiyo hakikisha hali ilivyo kabla hujapanga bajeti juu yake. Majimbo nayo yana mifuko yao. Mfuko wa uvumbuzi wa Maryland, ulioanza 2012, uliiweka Morgan State, chuo cha watu Weusi, kwenye meza moja na chuo kikubwa cha Johns Hopkins tangu mwanzo. Uliza jimbo lako lina nini.

Sasa habari za viza, maana ndizo ninazoulizwa kwa sauti ya chini. Kampuni ya SBIR lazima zaidi ya nusu yake imilikiwe na raia wa Marekani au wenye ukaazi wa kudumu. Ukiwa na viza ya masomo au ya kazi ya H-1B unaweza kumiliki hisa na kupokea mgawo wa mirabaha, lakini kuifanyia kampuni kazi, hata bila mshahara, kunahitaji kibali. Nenda kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kusajili kampuni, si baada. Na kama unataka kuwasilisha ombi la hataza nyumbani, kumbuka uvumbuzi uliofanyika Marekani unahitaji ruhusa ya USPTO kwanza kabla ya kupelekwa nje. Kwa kawaida ruhusa huja na stakabadhi ya ombi lako.

Kwa wakili wa hataza wa bei ya juu kuna njia ya pembeni. USPTO ina mpango wa kliniki za shule za sheria, ambamo wanafunzi huandaa maombi bure wakisimamiwa na wakili, na ina mtandao wa mawakili wa kujitolea kwa wavumbuzi wenye kipato kidogo. Vyuo sita vya watu Weusi vina shule za sheria: Howard, North Carolina Central, Southern, Texas Southern, Florida A&M na chuo kikuu cha jiji la Washington. Piga simu uulize wanafanya nini kwenye hataza.

Kwenye leseni, watu hushughulishwa na asilimia ya mrabaha. Mimi ningekomaa na mambo mengine. Kwanza mkataba wa majaribio wa miezi sita hadi mwaka, kampuni ikilipa gharama za hataza wakati inapima. Kisha, ndani ya leseni, ratiba yenye tarehe: mfano wa kwanza lini, mauzo ya kwanza lini, na malipo ya chini ya kila mwaka hata kama hawajauza. Mipaka ya matumizi nayo: akitaka kwa ajili ya chakula, mpe chakula, dawa baki nayo. Kampuni inayochukua haki zote na kukaa nazo imekuzuia wewe na wengine wote.

Kila Januari dai ripoti ya maendeleo kwa maandishi. Ripoti isipokuja, tuma notisi ya siku 60 iliyomo kwenye mkataba. Siku zikipita kimya, vunja leseni, rudisha haki, uanze kupiga simu kwa kampuni ya pili kwenye orodha yako ya mahojiano.